Kura ya kwanza hupigwa shuleni

Kila mwaka, kidato cha nne wanapoanza kuhesabu wiki zilizobaki kabla ya mtihani wa taifa, shule nyingi za sekondari nchini Tanzania huitisha uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Wanaotaka uongozi huchukua fomu kwa mwalimu mlezi, hujaza kidato, alama za muhula uliopita na sababu za kugombea. Walimu hukaa, hupitia majina, hukata mengine. Waliobaki hupandishwa mbele ya paredi, shati limechomekewa na tai imekazwa hadi kooni, wakaahidi mambo ambayo hata wao wanajua hayamo mikononi mwao: maharage yataiva, maji yatafika bwenini, mechi ya Jumamosi haitafutwa. Kura hupigwa kwenye vikaratasi vilivyochanwa madaftarini, huhesabiwa ofisini, na kesho yake asubuhi mwalimu wa zamu hutangaza kaka mkuu na dada mkuu.

Kwa vijana wengi hiyo ndiyo kura ya kwanza maishani, na wanaifuatilia kwa makini kuliko walimu wanavyodhani. Wanajua nani alikatwa jina na hakuambiwa sababu. Wanajua kama kura zilihesabiwa mbele ya mawakala au nyuma ya mlango uliofungwa. Muhula ukiisha, wanajua pia kama kaka mkuu waliyemchagua anaruhusiwa kuuliza jambo lolote ofisini kwa mkuu wa shule, au kazi yake ni kuorodhesha wapiga kelele tu. Wiki hiyohiyo ya uchaguzi, katika kipindi cha Uraia, huandikishwa sifa za uchaguzi huru na wa haki. Wanazikariri, wanazijibu, wanapata alama.

Shule inakuwa imefundisha masomo mawili kwa mpigo, moja ubaoni na jingine mstarini. Yakipatana, mwanafunzi anaondoka akiwa raia. Yakigongana, atabaki na lile aliloliishi, maana daftari la Uraia hutupwa mara tu karatasi ya mwisho ya mtihani inapokusanywa. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa shule tunaweza kuongeza kwamba inavyomtawala kijana leo, ndivyo atakavyotawala au kukubali kutawaliwa kesho.

Mtihani unaosubiri kijijini

Kijana anayemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18 anarudi kwenye jamii yenye utaratibu wake wa kujitawala. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, chombo cha juu kabisa kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mkutano huo hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hapo mapato na matumizi husomwa, michango ya zahanati na madarasa hupitishwa, na maombi ya ardhi ya kijiji huletwa yaamuliwe.

Hudhuria mkutano wa namna hiyo, uangalie wanaonyoosha mikono. Mara nyingi utawakuta wazee wachache waliozoea kusimama, mwenye duka na mwalimu mstaafu. Vijana waliotoka sekondari juzi, ambao ndio wangeweza kusoma jedwali la matumizi bila kusaidiwa, wamesimama nyuma chini ya mwembe, au hawakuja kabisa. Hawajakosa maarifa. Kazi za halmashauri ya kijiji walifundishwa, na ukiwaamsha usiku wa manane watazitaja kwa mpangilio. Walichokosa ni mazoea ya kusimama mbele ya mwenye mamlaka, kutaja tarakimu isiyokaa sawa, kusubiri jibu, kisha kuketi bila kuogopa kitakachowapata kesho.

Mazoea hayo hupatikana kwa kurudiwarudiwa. Shule ina miaka minne ya kuyajenga, na kwa anayeendelea hadi kidato cha sita, miaka sita.

Kutoka Tabora hadi Kujitegemea

Sekondari zetu za kwanza zilizaliwa zikiwa na jibu tayari kuhusu nani anafaa kutawala. Shule ya Serikali Tabora, iliyoanzishwa na Waingereza miaka ya 1920, iliwalenga watoto wa machifu na kufuata mfano wa shule za bweni za matajiri wa Uingereza. Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937. Wasifu wake husimulia kwamba alishiriki kuunda timu ya mdahalo, na kwamba walimu walipompendekeza awe kiranja mkuu, mkuu wa shule alikataa kwa hoja kuwa kijana huyo ni mwema kupita kiasi. Kwa shule ile, kiongozi alikuwa mtu wa kuogopwa na wenzake.

Miaka thelathini baadaye kijana huyo alikuwa Ikulu, akiwa na ugomvi na zao la shule za namna ileile. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea sehemu tu ya mshahara wakati wa utumishi huo. Karibu 400 walirudishwa makwao, na Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, na Machi 1967 akatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea.

Andiko hilo lilikuwa na hesabu ngumu: katika kila watoto 100 wa shule ya msingi, 13 hivi tu ndio waliokuwa na nafasi ya sekondari. Shule iliyowaandaa wote kwa ajili ya safari ya hao wachache ilikuwa inawadanganya waliobaki na kuwavimbisha vichwa waliobahatika. Mwalimu Nyerere akataka kila shule iwe jumuiya inayojilisha, yenye shamba au karakana yake, na wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua mapato yatumikeje.

Sehemu ya kazi ilishika mizizi. Sehemu ya kuamua ilidondoka njiani. Waliosoma miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka majembe, mchakamchaka wa alfajiri, mabanda ya kuku na ekari za mahindi. Ni wachache wanaokumbuka kikao ambacho wanafunzi waliambiwa shamba limeingiza shilingi ngapi na kuulizwa fedha hizo ziende wapi. Polepole jembe likageuka adhabu: aliyechelewa akapimiwa eneo la kufyeka, aliyetoroka akang'oa kisiki, aliyeongea Kiswahili katika shule iliyokataza lugha hiyo akadeki choo. Kazi iliyokusudiwa kumfunza kijana kuheshimu jasho ikawa alama ya mkosaji, na mpaka leo shule nyingi zinaitumia hivyo.

Somo lenye majina matatu

Enzi za chama kimoja, uraia ulifundishwa kwa jina la Siasa. Mwanafunzi alijifunza historia ya chama, misingi ya ujamaa na ukombozi wa kusini mwa Afrika. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, Siasa iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Uraia, wenye mada za katiba, haki za binadamu, demokrasia, mihimili ya dola na usalama barabarani. Sasa, mtaala mpya unaoingizwa kwa hatua tangu 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, somo la lazima linalofundishwa kwa Kiswahili.

Hilo la lugha linastahili uzito kuliko linavyopewa. Kwa miongo mitatu mwanafunzi wa sekondari alisoma Uraia kwa Kiingereza, ilhali karibu kila mahali atakapoutumia ni pa Kiswahili. Katiba ya mwaka 1977 iko kwa Kiswahili. Bunge linajadili kwa Kiswahili, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 hata mahakama zimetambua Kiswahili kuwa lugha yake. Mkutano wa kijiji, baraza la kata, kikao cha kikoba na kamati ya maji havina lugha nyingine. Kijana alifundishwa kutetea haki kwa lugha ambayo hatawahi kuitumia kuitetea mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Hata mdahalo wa Ijumaa mchana, ambao ungekuwa uwanja wa kujifunza kupinga hoja bila kumtukana mwenye hoja, uligeuka mashindano ya matamshi. Wenye Kiingereza walisema, wenye hoja wakanyamaza.

Kwa hiyo Kiswahili katika somo jipya ni hatua ya kweli. Hatari yake iko kwenye mtihani. Maadili yakipimwa kwa maswali ya "taja" na "orodhesha", yatakaririwa kama zilivyokaririwa kazi za halmashauri ya kijiji.

Mzani wa stoo

Mahali ambapo uraia wa shule hupimwa bila mtihani ni jikoni. Katika shule yenye kamati ya chakula inayofanya kazi, alfajiri wanafunzi wawili hufuatana na mwalimu hadi stoo. Gunia la unga hutundikwa kwenye mzani. Maharage hupimwa kwenye ndoo, uzito wa ndoo ukiondolewa. Kilo zinaandikwa kwenye kaunta buku, mpishi anasaini, mwalimu anasaini, mwanafunzi anasaini. Mchana ugali ukiwa mdogo, hakuna haja ya kugonga sahani bwaloni: mjumbe wa kamati anaulizwa, naye anafungua daftari. Kama kilo zimepungua, sababu ipo imeandikwa. Kama hazikupungua, swali linahamia kwa mpishi.

Kwenye shule za kutwa jambo hili ni zito zaidi. Ada ya sekondari ya kawaida iliondolewa kuanzia Januari 2016, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, lakini chakula cha mchana cha wa kutwa kimebaki kwa wazazi. Huyu analeta debe la mahindi, yule analeta fedha, na mwingine hana cha kuleta. Watoto wanajua mahindi hayo yametoka katika ghala la nani. Wanafunzi wanaposhirikishwa kuyapokea, kuyapima na kutoa taarifa kwa wazazi, wanakuwa wamefanya kazi ileile ambayo kamati ya fedha ya kijiji inatakiwa kuifanya. Aliyeshika kaunta buku hiyo kwa mwaka mzima hatapata tabu kuelewa mapato na matumizi ya kijiji chake.

Palipo na stoo ambayo ufunguo wake unakaa kwa mtu mmoja, wanafunzi hujifunza vilevile. Hujifunza kwamba mali ya wote ni ya mwenye ufunguo.

Fimbo na kanuni yake

Wapo wakuu wa shule wanaosikia haya na kutikisa kichwa. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 darasani, ambaye usiku anazunguka mabweni na asubuhi ana vipindi sita, atakuuliza kwa haki kabisa ni saa ngapi atakaa kusikiliza baraza. Atakukumbusha pia migomo, madirisha yaliyovunjwa, bweni lililochomwa moto. Kwake nidhamu ndiyo inayoifanya shule iendelee kuwa shule.

Hoja hiyo ina ukweli, ila nidhamu nayo ni somo la uraia. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Mwanafunzi wa kike apigwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Kanuni hizo zinaweza kujadiliwa, na wengi wangependa zifutwe kabisa. Lakini ni shule ngapi ambazo mwanafunzi amewahi kukiona kitabu hicho? Walimu wengi hutembea na fimbo mkononi kama sehemu ya sare ya kazi. Mwaka 2016, video iliyowaonyesha walimu wa mafunzo kwa vitendo wakimpiga mwanafunzi katika sekondari moja jijini Mbeya ilisambaa nchi nzima, na Serikali ikalazimika kuchukua hatua. Kijana anayeona sheria ikivunjwa na yuleyule anayemfundisha utawala wa sheria hahitaji kuelezwa tena maana yake.

Kuhusu migomo, jirani zetu wana la kutueleza. Baada ya wimbi la migomo ya mwaka 2008, Kenya iliunda mwaka 2009 baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari, kwa ushirikiano wa Wizara ya Elimu, wakuu wa shule na UNICEF, na shule zikaanza kuachana na viranja walioteuliwa na walimu ili wanafunzi wachague wenyewe. Moto haukuisha, mwaka 2016 mabweni yaliungua tena katika shule nyingi. Kuchagua peke yake hakutoshi iwapo aliyechaguliwa hana pa kulipeleka neno la wenzake, na jibu halirudi.

Vijana 12 wa Dar es Salaam

Nchi yetu ina mfano mzuri zaidi, ambao wengi wetu hatuukumbuki kuwa ni wetu. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari za Dar es Salaam walikutana barazani nyumbani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, wakiwa na mambo yaliyowasumbua katika maeneo yao: mazingira kuharibiwa, wanyama kuuliwa, watu kuteseka. Hakuwapa majibu. Aliwaachia kazi ya kutazama walipo, kuchagua tatizo moja na kuanza nalo. Kutoka kikao hicho likazaliwa vuguvugu la Roots & Shoots, ambalo leo lina makundi katika nchi zaidi ya 60.

Nguvu yake iko kwenye mpangilio: vijana wanachagua tatizo wenyewe, wanalipima, wanatenda, kisha wanatoa hesabu. Shule zetu hazikosi klabu. Kuna skauti, klabu za mazingira, klabu za wapinga rushwa zinazolelewa na TAKUKURU, na klabu za jarida la vijana la Fema. Nyingi hufufuka mgeni anapotarajiwa, zikaimba ngonjera, zikapiga picha, zikalala. Klabu ya wapinga rushwa iliyoruhusiwa kukagua daftari la stoo ingefundisha zaidi ya ngonjera kumi.

Kuishi na mtu wa mbali

Kuna jambo moja sekondari za Tanzania zimelifanya vizuri kimyakimya: kuwachanganya watu. Kwa miongo mingi mtoto wa Bukoba alipangiwa Songea, wa Mtwara akapelekwa Tarime, wa pwani akalala kitanda cha juu na wa Kigoma cha chini. Walijifunza utani wa makabila, wakaazimana sabuni, wakagawana karanga zilizoletwa na mzazi wa mmoja wao. Watu wazima wengi wanaodai hawana ukabila waliupotezea bwenini.

Shule za kata, zilizoenea tangu mwaka 2006 kwa nguvu za wananchi wenyewe, zilifungua mlango kwa maelfu ambao wasingepata nafasi. Gharama yake ni kwamba sasa mwanafunzi anaweza kusoma hadi kidato cha nne bila kuketi dawati moja na mtu wa wilaya ya pili. Mchanganyiko umebaki kidato cha tano, vijana wanapopangiwa shule nchi nzima, na katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambako wahitimu wa kidato cha sita walirudishwa kwa mujibu wa sheria mwaka 2013 baada ya utaratibu kusitishwa mwaka 1994. Miezi mitatu ya kambi hufundisha ukakamavu, uzalendo na kuamka kabla ya jua. Kuuliza na kujibiwa hakufundishwi kwa kwata, na wala jeshi halikuundwa kwa kazi hiyo. Hiyo imebaki kazi ya shule.

Kisichohitaji bajeti

Mengi yanayotakiwa hayahitaji jengo wala mradi. Kura za viongozi wa wanafunzi zihesabiwe hadharani, na anayekatwa jina aelezwe sababu. Baraza la wanafunzi likae kila mwezi, mkuu wa shule awepo, na kila ombi lijibiwe kikao kinachofuata: limekubaliwa, limekataliwa kwa sababu hii, au linasubiri fedha hizi. Jibu la "hapana" lenye sababu linafundisha uraia kuliko "ndiyo" iliyotolewa kwa huruma. Ruzuku iliyopokelewa na ilivyotumika ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo mwanafunzi wa hesabu anaweza kuijumlisha. Mapato ya shamba la shule yasomwe mbele ya waliolilima. Kidato cha tatu wapelekwe, angalau mara moja, kusikiliza mkutano wa kijiji au wa mtaa, na wakirudi waandike kilichoulizwa na ambacho hakikujibiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Hakuna jambo linalomhusu mwanafunzi kuliko shule anayoishi.

Wazazi nao wasijitoe. Kwenye kikao cha wazazi, swali letu la kwanza huwa ni daraja la kwanza mmetoa ngapi, na ni swali halali. Liongezwe la pili: baraza la wanafunzi lilikaa lini mara ya mwisho, liliomba nini, na lilijibiwa nini? Mkuu wa shule mwenye kumbukumbu atafungua kitabu na kusoma. Asiyekuwa nacho atakuwa ameulizwa mbele ya watu, na muhula ujao aulizwe tena.